Michezo minne ya redio ya anga za juu: uanze na upi?

Mchezo wa redio wa kubuni kisayansi una shida moja ambayo mchezo wa kawaida wa redio hauna. Kwenye ule wa familia na majirani, mlango ukilia unajua ni mlango, jogoo akiwika unajua kumekucha, kengele ya baiskeli ikigongwa unajua kuna mtu anaingia uani. Waliokua wakisikiliza Twende na Wakati ya Radio Tanzania, iliyoanza mwaka 1993, hawakuhitaji kuelezwa sauti za namna hiyo. Walikuwa nazo nyumbani. Sasa mlango wa chombo cha anga unaliaje? Silaha ya watu wa Mirihi je? Hakuna aliyewahi kuisikia. Mtunzi anaweza kukuwekea sauti yoyote na usiwe na pa kumbishia, na utamu wa kazi hizi umelala hapo. Lakini mpaka atokee mtu wa kukwambia ile sauti ni ya nini, umesikia kelele tu.

Ndiyo maana katika kulinganisha michezo hii minne natanguliza swali moja: nani anakueleza usichokiona, na anakueleza bila kukuchosha? Urefu, Kiingereza chake na ubora wa rekodi vitafuata.

Wa kwanza ni The War of the Worlds, uliorushwa na CBS ya Marekani Jumapili tarehe 30 Oktoba 1938, chini ya Orson Welles aliyekuwa na miaka 23 tu. Wa pili ni Journey into Space wa BBC, ulioanza Septemba 1953. Wa tatu ni The Hitchhiker's Guide to the Galaxy wa Douglas Adams, uliosikika kwanza BBC Radio 4 usiku wa tarehe 8 Machi 1978. Wa nne, Wolf 359, ni podikasti ya Kimarekani iliyotoka kati ya 2014 na 2017. Yote ni ya Kiingereza, na hilo nitalirudia kwa sababu ndilo litakalowaangusha wengi.

Nani anasimulia

Howard Koch, aliyeandika mswada wa 1938, alichukua riwaya ya H. G. Wells ya mwaka 1898, akaihamisha kutoka Uingereza hadi New Jersey, kisha kazi ya kueleza akamkabidhi mtu ambaye kueleza ndiyo ajira yake: mtangazaji wa habari. Unasikia muziki wa dansi kutoka hotelini. Unakatizwa na taarifa kwamba kuna milipuko ya gesi imeonekana Mirihi. Muziki unarudi, unakatizwa tena. Carl Phillips, mtangazaji wa kubuni, anapofika shambani Grover's Mill na kuanza kutaja kila anachokiona, hujiulizi kwa nini anataja. Angefanya nini kingine? Frank Readick, aliyemwigiza, alijiandaa kwa kusikiliza rekodi ya Herbert Morrison, mtangazaji aliyeshuhudia Hindenburg, puto kubwa la kusafirishia abiria, likiteketea mwaka 1937. Ule mshtuko wa sauti, ule wa mtu anayejaribu kubaki kazini huku magoti yanamcheza, Readick aliupata hasa. Kisha katikati ya sentensi anakatika. Kimya. Ni sekunde chache, lakini katika redio sekunde chache za kimya ni shimo. Sijasikia mchezo mwingine uliotumia kimya vizuri kuliko huu.

Angalia na jinsi muda unavyochezewa. Phillips anasema yeye na Profesa Pierson, mtaalamu wa nyota aliyekuwa akimhoji, wamekata maili kumi na moja kutoka Princeton kwa dakika kumi. Hizo ni karibu kilomita 18, kwa barabara na magari ya 1938. Zaidi ya hapo, hizo dakika kumi zenyewe hazikupita hewani. Tangu tulipomwacha ni muda mfupi sana. Ukiyasoma haya kwenye karatasi utacheka. Ukiyasikia, hugutuki, maana katikati umepigiwa muziki kidogo na sikio limekubali kwamba muda umepita. Jicho lingedai kuona gari. Sikio ni jepesi wa kuamini, na mswada huu unalijua hilo kuliko yote minne.

Udhaifu wake unaanza karibu dakika ya arobaini, baada ya tangazo la kituo. Watangazaji wamekwisha, jeshi limeshindwa, na tunabaki na Profesa Pierson, Welles mwenyewe, akizunguka peke yake na kusimulia alichopitia. Sasa ni mtu anasoma kitabu kwa sauti nzuri. Mchezo ulioanza kwa kukufanya usahau kwamba unasikiliza hadithi unamalizika kwa kukukumbusha kila dakika.

Neno moja kuhusu ile sifa ya kutisha taifa zima: usiununue mchezo kwa ajili ya hilo. Kuna watu waliotishika kweli, lakini magazeti ya siku zilizofuata yalilikuza jambo mno, na usiku ule wasikilizaji wengi walikuwa kituo kingine wakisikiliza vichekesho. Balaa halisi lilitokea Quito, Ekuado, Februari 1949, toleo la Kihispania liliporushwa bila onyo: watu walipogundua wamedanganywa walichoma jengo la redio, na wapo waliokufa.

Journey into Space unalitatua swali letu kwa njia ya kizamani zaidi, nayo inafanya kazi. Charles Chilton aliwapakia watu wanne ndani ya chombo: Jet Morgan nahodha, Mitch mhandisi, Doc daktari anayeandika kumbukumbu za safari, na Lemmy fundi wa redio, mtoto wa London anayeuliza maswali ambayo wewe ungeuliza. Doc anasoma kumbukumbu zake, Lemmy anauliza, Mitch anajibu kwa hasira kidogo, na wewe umeelewa. Baada ya sehemu tatu nne unaanza kuziona nyuzi. Lemmy hawezi kuwa hajui kila kitu kila siku! Aliyeigiza Jet, Andrew Faulds, alizaliwa Isoko, Tanganyika, mwaka 1923, mtoto wa wamisionari, na baadaye akawa mbunge wa Leba huko Uingereza.

Kinachouokoa ni woga unaopandishwa polepole. Katika The Red Planet, mfululizo wake wa pili, msafara wa vyombo unaelekea Mirihi, na katika chombo kimoja yumo mtu ambaye hana kosa lolote isipokuwa sauti yake. Anazungumza bapa, bila kupanda wala kushuka, na ukimuuliza kitu anakujibu kwamba amri lazima zitiiwe bila kuuliza, wakati wote. Basi. Hakuna mashine inayonguruma wala zimwi. Ni mwigizaji mmoja aliyeondoa hisia kwenye maneno, na nywele zinakusimama. Ukitaka kumwonyesha mtu kwamba redio haihitaji pesa ili itishe, mpe hiyo.

Adams naye alifanya ujanja ambao ukishausikia unajiuliza kwa nini hakuna aliyeufikiria mapema. Msimulizi wa The Hitchhiker's Guide ni kitabu. Wahusika wanatembea na kitabu cha mwongozo wa galaksi, na kikihitajika kinazungumza, kwa sauti ya Peter Jones, mpole, mwenye uhakika, kama mzee wa maktaba asiyeshangazwa na lolote. Katika michezo mingine maelezo ni kodi unayolipa ili upate kisa. Hapa maelezo ndiyo kichekesho chenyewe, na kisa kinasimama kuyapisha. Dunia inabomolewa kupisha barabara ya angani, na kitabu kinaendelea kukupa taarifa kana kwamba unaulizia nauli.

Sikiliza sehemu ya tatu. Makombora mawili yanakifuata chombo, mashine ya yasiyowezekana inawashwa, na moja linageuka nyangumi, juu kabisa ya sayari, mahali ambapo nyangumi hana la kufanya ila kuanguka. Ana dakika moja hivi ya kuishi. Unamsikia akijigundua: huyu ni mimi, hiki kitakuwa mkia, huu unaovuma tuuite upepo. Sauti yake inajaa furaha ya kuvipa vitu majina huku upepo ukizidi. Halafu anakiona kitu kikubwa, cha duara, kinamjia kwa kasi. Anatafuta jina la kukiita, anatumaini watakuwa marafiki. Kishindo. Hakuna filamu inayoweza kufanya hivi sawasawa, kwa sababu kwenye filamu ungemwona nyangumi kwa nje. Hapa uko ndani ya kichwa chake, na kama yeye hujui lolote mpaka linapopewa jina. Ile shida ya sauti isiyotambulika, Adams kaigeuza kuwa mchezo.

Ubaya wa kazi hii ni kwamba haina mgongo. Matukio yanapokezana kwa bahati nasibu, na hilo ni la makusudi, lakini ukifika sehemu ya tano unaona mtunzi anatafuta mlango wa kutokea. Sehemu mbili za mwisho za mfululizo wa kwanza aliandika kwa kusaidiana na John Lloyd. Trillian, mwanamke pekee chomboni, hana kazi ya maana. Mifululizo iliyoongezwa kuanzia 2004 imetengenezwa vizuri kwa sauti, ila kasi ya utani si ileile. Mimi ningeishia kwenye ile miwili ya mwanzo, ya 1978 na 1980.

Wolf 359 unaanza na Doug Eiffel, ofisa mawasiliano wa kituo kinachoizunguka nyota ndogo nyekundu iliyo karibu miaka-nuru 8 kutoka duniani. Anarekodi kumbukumbu za kazi: analalamika, anakwepa majukumu, anamsema kamanda wake. Kumbukumbu hizo ndizo zinazobeba maelezo yote, na mwanzoni zinatosha. Gabriel Urbina, aliyeubuni, alifanya jambo la busara baadaye: kadiri watu wengine wa kituo wanavyopata uzito, kumbukumbu za Eiffel zinapungua, na tunaachwa na watu wanaogombana chumbani. Kufikia hapo unawafahamu kiasi kwamba huhitaji kuambiwa nani kakunja uso.

Anayestahili kusikilizwa kwa makini ni Hera, kompyuta inayoendesha kituo. Sauti yake hukwama na kujirudia kama sidii yenye mkwaruzo. Mwanzoni unaichukulia kama pambo. Baada ya muda unaanza kuitumia kama nesi anavyotumia kipimajoto: sauti ikikatika zaidi, mambo si mazuri, hata kama yeye mwenyewe anasema yuko salama. Na uigizaji kwa jumla ni wa juu. Eiffel na Daktari Hilbert, mmoja mropokaji wa Kimarekani na mwingine mwenye lafudhi ya Kirusi, wameigizwa na mtu mmoja, Zach Valenti, na wapo wasikilizaji walioshtuka kuambiwa.

Kasoro yake ni mwanzo. Sehemu za kwanza ni vichekesho vidogovidogo, dawa ya meno iliyokwisha na kadhalika, na ukizihukumu peke yake utasema hii ni Hitchhiker's ya wanafunzi. Kisa chenyewe hakishiki kasi mpaka mwishoni mwa msimu wa kwanza. Ni kumwomba msikilizaji imani nyingi.

Kwa kulinganisha tu, ipo pia Star Wars ya redio ya umma ya Marekani ya mwaka 1981, sehemu 13, iliyoandikwa na Brian Daley. Filamu ya saa mbili ikawa mchezo wa karibu saa sita, maana yale yaliyokuwa yakionekana yalilazimika yasemwe. Roboti anayelia milio tu unamwelewa kwa sababu roboti mwenzake anamjibu kwa maneno. Ni kazi nzuri kwa anayeijua filamu tayari. Kwa asiyeijua, mapigano yake ni milipuko na watu wanaoambiana kwamba kuna mlipuko, ndiyo maana sikuiweka kwenye nne.

Utasikilizia wapi

Hili watu hulidharau, kisha wanalaumu mchezo. Rekodi ya 1938 ni ya mono, yaani sauti ileile kushoto na kulia, na ina mikwaruzo, lakini mikwaruzo inausaidia: hii ni taarifa ya habari kutoka mbali, ilitakiwa isikike hivyo. Unaweza kuisikiliza kwa spika ya simu jikoni, usipotelewe na kitu. Journey into Space nao ni mono. Kanda za mfululizo wa kwanza wa 1953 hazikuhifadhiwa. Unaoupata kwa jina la Operation Luna ni uliorekodiwa upya mwaka 1958, ukapunguzwa kutoka sehemu 18 hadi 13, na kwa maoni yangu kupunguzwa kumeusaidia. Ni mchezo wa usiku. Mchana, watoto wakicheza nje, zile nafasi za kimya ambamo woga unajengeka zinajaa kelele za kwenu.

The Hitchhiker's Guide usiisikilize ndani ya daladala. Adams alitaka isikike kama albamu ya muziki wa rock, ilitengenezwa kwa stereo kwa msaada wa karakana ya sauti za elektroniki ya BBC, na kuna mambo yanayopita kushoto kwenda kulia kwa nusu sekunde. Ukiwa na spika moja ya sikio, nyingine umempa rafiki, mnasikiliza nusu mchezo kila mmoja. Wolf 359 umetengenezwa ukijua kwamba utasikilizwa kwa spika za masikioni barabarani. Sauti ziko karibu, maneno yako juu ya kelele. Kwa safari huo ndio unaofaa kuliko yote.

Bando: kwa kiwango cha kawaida cha ubora wa faili la sauti, kbps 128, saa moja hula takriban MB 58, ukipata faili la kbps 64, nusu yake. Michezo ya mono ya zamani haipotezi kitu kwa kiwango cha chini, kwa hiyo usilipie ubora ambao haumo. Wolf 359 ni bure. Ni sehemu 61, za mwanzo fupi, za mwisho ndefu sana, kwa hiyo pakua msimu mmojammoja.

Kiingereza chake

Kwa msikilizaji aliyesoma Kiingereza shuleni na anakitumia kazini, rahisi zaidi ni Journey into Space. Wanazungumza polepole, kwa matamshi safi ya redio ya enzi zile, na kila jambo la muhimu linasemwa mara mbili kwa sababu wasikilizaji wa wakati ule walisubiri wiki nzima kati ya sehemu na sehemu. Kile nilichokiita kasoro hapo juu, kwako kinageuka faida. Wa 1938 unafuata, kwani lugha ya habari ni lugha tunayoifahamu, ingawa watu wa shambani wanakwaruza kidogo.

Wolf 359 ni Kiingereza cha Marekani cha leo, cha haraka, kilichojaa marejeo ya filamu na vipindi vyao. Ukikosa marejeo hayo hupotezi kisa, unapoteza kicheko tu. Maneno yake yote yamechapishwa mtandaoni na watengenezaji wenyewe, na huo ni msaada mkubwa: sikiliza kwanza, kisha soma palipokuacha. Mgumu ni The Hitchhiker's Guide. Utani wake unakaa kwenye sentensi ndefu ambazo neno la mwisho linapindua yote yaliyotangulia, na anayedhihakiwa ni karani wa serikali ya Uingereza. Sisi tuliowahi kusimama kwenye foleni ya ofisi ya umma kutafuta fomu iliyo ofisi nyingine, iliyofungwa, tunamwelewa karani huyo vizuri sana. Shida ni mwendo, si maudhui. Miswada ya redio ilitolewa kuwa kitabu mwaka 1985. Ukikipata, kiweke wazi mbele yako.

Kwa hiyo

Una saa moja tu na unataka kujua kama aina hii ya mchezo inakufaa: The War of the Worlds, na usione haya kuzima baada ya tangazo la kituo. Umeshapata kilicho bora.

Una watoto wa kuanzia miaka kumi hivi wanaojifunza Kiingereza: Operation Luna, sehemu moja kila jioni, taa zikiwa chini. Mjiandae kuwajibu kwa nini mwaka 1965 kwenye mchezo watu wanaenda Mwezini, wakati waliotua kweli walitua 1969. Mimi nadhani Chilton, aliyeandika miaka minne kabla ya Sputnik, satelaiti ya kwanza kurushwa, hakukosea sana.

Unapenda lugha na kucheka peke yako hadi watu wakugeukie: The Hitchhiker's Guide, sehemu sita za 1978, kwa spika zote mbili. Unachotaka kikiwa ni watu, wa kuwapenda na kuwahofia kwa miezi kadhaa, chukua Wolf 359, lakini weka ahadi ya kumaliza msimu wa kwanza kabla ya kuuhukumu. Asiyeweza kuvumilia sehemu kumi za dawa ya meno asijisumbue, wala asianzie katikati. Hera hatakuwa na maana kwake.

Na kama kinachokuvuta kwenye hadithi za sayansi ni mapigano ya vyombo angani, hakuna hata mmoja kati ya hii minne utakaokuridhisha. Baki na filamu.